Kisanduku cha Kuchajia Gari la Umeme Nyumbani: Miezi Minane ya Matumizi Mbweni

Kwenye ukuta wa banda la gari nyumbani kwangu Mbweni, Unguja, kimetundikwa kisanduku cheupe, ukubwa wake haupiti daftari kubwa la mahudhurio ya wanafunzi, chenye kebo nyeusi ya mita 5 inayozungushwa kwenye ndoano yake. Tangu kaskazi ilipoanza hadi sasa tukiwa katikati ya kusi, kisanduku hicho ndicho kinacholipatia gari letu umeme kila usiku. Nilikinunua kwa ahadi ya kasi. Leo ninakisifu kwa moyo safi, lakini kwa sababu nyingine kabisa, na nimeona ni wajibu kuzieleza sababu hizo kwa kirefu, kwa kuwa majirani na wafanyakazi wenzangu wanaoagiza magari ya umeme wameanza kuulizwa dukani swali lile nililoulizwa mimi: kama wanataka chaja ya kawaida au ile ya haraka.

Gari lenyewe ni Nissan Leaf ya kizazi cha pili, kile kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, na betri yake ilipotoka kiwandani ilikuwa na uwezo wa kilowati-saa 40, yaani yuniti 40 kwa lugha ya mita zetu. Lilikuja kwa meli likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo mengi ya magari ya kisiwa hiki. Kwa kuwa si jipya, sitegemei lifike mbali kama lilivyokuwa likifika siku ya kwanza. Ninapoendesha kwa utaratibu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, huhesabu kilomita 200 hivi kwa betri iliyojaa.

Anayetaka kujua kama kuchaji haraka nyumbani kuna manufaa, na aanze kwa kupima mwendo wake. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kutoka Mjini kwenda Nungwi na kurudi si zaidi ya kilomita 120 au 130, na Makunduchi ni karibu hivyo hivyo. Safari zangu za kila siku, kwa maana ya kupeleka watoto skuli, kwenda kazini, kupita sokoni Mwanakwerekwe na kurejea nyumbani, mara chache sana huvuka kilomita 40. Kwa mwendo huo betri hupungua yuniti 6 au 7, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kwa joto njiani kutoka mita hadi betri, mita huhesabu 7 hadi 8. Hicho ndicho kiasi ninachohitaji kukirudisha kila usiku. Gari huingia bandani baada ya magharibi na halitoki mpaka baada ya alfajiri, muda usiopungua saa kumi. Ningelijua kuiweka hesabu hii mbele ya muuzaji siku ile, mazungumzo yetu yangelikuwa mafupi.

Wiki za mwanzo tulichaji kwa plagi ya kawaida ya pini tatu. Kebo ya Kijapani iliyokuja na gari niliiweka kando, kwani imeandikwa volti 200 na kichwa chake hakiingii katika soketi zetu. Nikanunua nyingine ya volti 230 yenye plagi ya kwetu. Kebo za aina hii huwekewa kikomo cha ampea 10, ijapokuwa fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, na ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Kwa yuniti 8 za usiku mmoja huchukua saa tatu na nusu, na kwa hivyo kwa upande wa muda plagi ile ilitosha kabisa. Haikutosha kwa upande wa usalama. Usiku wa tisa au wa kumi niliigusa kwa mkono nikaondoa kidole haraka. Asubuhi nikaona plastiki ya soketi imegeuka rangi ya kahawia pembeni mwa tundu moja.

Sababu yake inafahamika, na ningependa kila mwenye gari la umeme aijue kabla hajaunguza ukuta. Birika la umeme huvuta takriban ampea hizo hizo, lakini kwa dakika nne, kisha soketi ikapoa. Gari huvuta bila kupumzika kwa saa nyingi, na pahala popote ambapo bamba la shaba limelegea, au waya haukukazwa vizuri nyuma ya soketi, joto hujikusanya hapo kidogo kidogo usiku kucha. Katika nyumba zetu za ukanda wa pwani kuna chumvi ya hewani inayozipaka shaba kutu ya kijani na kuzidisha ukinzani, yaani uzito wa umeme kupita. Soketi iliyokaa miaka kumi na mitano ukutani na kuonekana nzima kwa pasi na feni huenda isiihimili kazi hii. Ndipo nilipokwenda dukani.

Muuzaji alinipokea kwa adabu. Alinionesha kisanduku hiki, kilichoandikwa ampea 32 na kilowati 7.4, akaniambia, "Mzee wangu, hii ni faast chaja, saa moja tu gari limejaa." Hakusema kwa nia mbaya, naamini alikuwa akikariri alichoambiwa, lakini kauli ile haina ukweli hata kwa hesabu ya darasani: yuniti 40 haziwezi kupita kwa saa moja katika mlango unaoruhusu 7.4. Hakuniuliza pia jambo ambalo ndilo la kuulizwa mwanzo, nalo ni kiasi gani gari lenyewe linaweza kupokea.

Hapa pana kosa la lugha linalowagharimu watu fedha. Kisanduku cha ukutani tunakiita chaja, lakini si chaja. Chaja imo ndani ya gari. Umeme wa nyumbani ni wa mkondo geu (AC) na betri inataka mkondo mnyoofu (DC), na kifaa kinachougeuza mmoja kuwa mwingine kimefungwa ndani ya gari tangu kiwandani, kikiwa na kikomo chake kisichobadilika. Kazi ya kisanduku ni ya bawabu: kuhakikisha kuwa kebo imeingia sawasawa, kuwa waya wa athi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, upo, kisha kulijulisha gari linaruhusiwa kuvuta ampea ngapi, na mwisho kufungua mlango. Taarifa hiyo hupita katika waya mwembamba ndani ya kebo kwa njia ya mapigo 1,000 kwa sekunde. Urefu wa kila pigo ndio unaoliambia gari kiwango. Pigo likichukua asilimia 10 ya nafasi yake, gari hufahamu ampea 6, na likichukua zaidi kidogo ya nusu, hufahamu 32. Gari husikiliza, kisha huvuta kiasi hicho au pungufu ya hicho kwa kadiri ya chaja yake ya ndani. Kupita hapo haliwezi, hata ukaleta kisanduku kikubwa kama kabati.

Na Leaf zilizouzwa Japani hazilingani katika jambo hili. Nyingi zina chaja ya ndani ya kilowati 3, na zile za kilowati 6 ni ambazo mnunuzi wa kwanza aliongeza fedha. Langu kwa bahati ni la kilowati 6. Shemeji yangu wa Fuoni alivutiwa na kisanduku changu, akanunua kama hicho katika duka lile lile, akafungiwa waya mnene, na usiku wa kwanza akanipigia simu kwa masikitiko: gari lake linavuta chini ya ampea 16 na haliongezeki. Tulipochunguza, chaja yake ya ndani ilikuwa ya kilowati 3. Kisanduku cha ampea 16, ambacho kilikuwepo rafu ya chini yake kwa bei ndogo zaidi, kingempa kila anachokipata sasa. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya kurekebishia paa kabla ya masika.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Duka lile lile lilikuwa na orodha ya chaja za mkondo mnyoofu za kilowati 20 na zaidi, na kuna mtu alinishauri nisijisumbue na hiki cha ukutani, nifunge moja kwa moja chaja kama zile za vituo vya nchi za nje, zinazoweza kulitoa gari kama langu katika betri iliyokaribia kwisha hadi asilimia 80 kwa dakika 40 hivi. Ni kweli kwamba kasi hiyo ipo. Chaja hizo huigeuza kazi: umeme hunyooshwa nje ya gari, katika kabati kubwa, kisha huingizwa kwenye betri bila kupitia chaja ya ndani. Lakini ya kilowati 50 inataka umeme wa njia tatu (three-phase), zaidi ya ampea 70 katika kila njia, na hata ile ndogo ya kilowati 20 inataka njia tatu zenye ampea 30 hivi kila moja. Nyumba za kawaida za Mbweni, Fuoni au Bububu zina njia moja. Kuomba njia tatu ni kuomba nguzo, waya na pengine transfoma, kwa ajili ya gari linalolala saa kumi bandani. Tena Leaf kama langu hutumia tundu la CHAdeMO kwa kuchaji kwa namna hiyo, ilhali magari mapya ya viwanda vingi yameliacha tundu hilo, kwa hivyo kabati utakalolinunua leo huenda lisilifae gari lako la kesho.

Na lipo la jirani. Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba: ya kwanza ya mwaka 1980 yenye uwezo wa megawati 45, na ya pili, ya megawati 100, iliyokamilika mwaka 2013. Sisi tulioishi hapa hatujaisahau Mei 2008, kisiwa kilipokaa gizani kwa karibu mwezi mzima, wala ile miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, tulipokuwa tukichota maji visimani na maduka yakinguruma majenereta kutwa. Sasa tufanye hesabu: chaja 2,000 za kilowati 50 zikiwashwa pamoja zitavuta megawati 100, sawa na uwezo wote wa ile kebo kubwa. Magari hayo hayo 2,000 yakichaji kwa ampea 16 hayafiki hata megawati 8, tena yakifanya hivyo usiku wa manane, wakati viyoyozi vya maofisi vimezimwa. Sidhani kuna familia inayohitaji kasi kiasi cha kuutaka mzigo ule wa kwanza upite katika mtaa wake.

Nirejee kwenye kisanduku changu, kwani sehemu kubwa ya thamani yake ilitoka kwa fundi, wala sitakuwa mwadilifu nikiihesabu yote kuwa ya kiwanda. Kutoka meni swichi hadi banda la gari ni mita 22. Fundi wa kwanza alitaka kuunganisha kutoka soketi ya jikoni kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Nilimshukuru, nikamlipa nauli yake, nikatafuta mwingine. Wa pili, kijana wa Kiembesamaki, alifika na daftari. Aliniandikia kuwa waya wa milimita 6 kwa umbali ule na kwa ampea 28 utapoteza volti 4 na nusu hivi, jambo linalovumilika, ilhali ule wa 2.5 ungepoteza 11, na kabla ya kufika huko ungekuwa unapikika ndani ya bomba lake. Akaweka sakiti breka yake peke yake ya kisanduku, pamoja na swichi inayokata umeme mara tu unapovuja kwa miliampea 30, na akahakikisha kwamba kisanduku chenyewe kina kinga ya kuhisi mvujo wa mkondo mnyoofu kutoka kwenye gari, kwa sababu mvujo wa aina hiyo huweza kuipumbaza swichi ya kawaida isikate wakati wa haja. Siku moja nzima ilimwishia hapo.

Siku ya pili ilikuwa ya athi, na ndiyo iliyonifunza zaidi. Alipowasha kisanduku mara ya kwanza, taa iliwaka nyekundu na hakikukubali kulipatia gari umeme. Nilidhani ni kibovu. Fundi akapima, akaniambia, "Mwalimu, hiki kizima. Nyumba yako ndiyo haina athi." Waya wa athi ulikuwepo, ukatoka nje ya ukuta, ukaishia kwenye nondo iliyosimamishwa katika mchanga, urefu wa mkono mmoja, imeliwa na kutu. Tumeishi na hali hiyo miaka kumi na moja, tukiwa na friji, mashine ya kufulia na watoto wanaopita miguu mitupu, na hakuna kifaa kilichotuambia ila hiki.

Ardhi yetu upande ule ni ya mawe ya matumbawe. Fimbo ya shaba ilikwenda sentimita 60, ikagonga jiwe. Akahamia karibu na karo ya maji ya udhu, ambako udongo ni mweusi na haukauki, akazamisha fimbo tatu zilizoachana, akaziunga kwa waya mmoja. Kipimo cha ukinzani wa athi kilichosoma omu 140 kwa fimbo ya kwanza kikashuka hadi 38. Taa ikawa ya kijani. Kama pana nyumba imejengwa juu ya uwanda mtupu wa mawe, kama zilivyo nyingi za upande wa mashariki, mwenye nyumba atenge fedha na muda wa kazi hii kabla ya kununua kitu chochote cha kuchajia. Kwangu mimi, kule kukataa kwa kisanduku kufanya kazi siku ile ndiyo huduma kubwa kuliko zote kilizonifanyia.

Kwa kasi yake ya juu, kisanduku kililipatia gari ampea 28, ambazo ndizo kikomo cha chaja ya ndani. Kutoka asilimia 30 hadi 80 ilichukua saa tatu na nusu. Kwa ampea 16 safari hiyo hiyo huchukua saa sita na dakika kidogo, na kwa plagi ya zamani ilikuwa saa kumi. Hivyo ndivyo ilivyo usiku wa manane, volti zikiwa 230. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha, nimewahi kusoma volti 203 kwenye kioo cha kisanduku, na hapo kilowati hushuka zenyewe. Nilifurahia kasi ile kwa wiki sita.

Wiki ya saba ilikuwa mkesha wa Idd. Oveni ilikuwa na mikate ya mayai, birika linachemka, pasi iko juu ya kanzu, viyoyozi viwili vinafanya kazi kwa ajili ya wageni, pampu inajaza tangi, na gari nje linavuta ampea 28. Ukijumlisha vyote hivyo unafika ampea 70 hivi, na meni swichi yangu ni ya 60. Nyumba ikaingia giza, keki ya pili ikanywea, na mama watoto akaniambia kwa upole unaoumiza kuliko kelele kwamba gari lingeweza kusubiri watu walale. Alikuwa na haki. Usiku ule nilifungua mfuniko, nikageuza kijiswichi cha ndani kutoka 32 hadi 16, na hakijarudi tena hadi leo. Vipo visanduku vya bei ya juu zaidi vyenye kipimo kinachofungwa kwenye waya mkuu, ambavyo hupunguza vyenyewe mvuto wa gari kadiri nyumba inavyoongeza matumizi. Kwa familia kubwa ni kitu cha maana.

Tangu hapo nimeweka saa ya gari ianze kuchaji saa tano usiku. Kufikia saa saba na nusu yuniti za siku zimekwisha kurudi. Kuna faida nyingine katika kuchelewesha huku. Betri ya Leaf ya kizazi hiki haina maji ya kupoozea wala feni. Hupoa kwa hewa inayoipitia tu. Nikirudi kutoka Nungwi alasiri ya mwezi wa pili, lami ikiwa inameremeta kwa joto, kipimo cha joto la betri huwa kimepanda, na kuiongezea moto wa kuchaji papo hapo si kuitendea wema. Betri za aina hii huchakaa mapema kwa joto na kwa kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa pomoni. Ndiyo maana huacha kwenye asilimia 80 siku za kawaida, na hujaza mpaka mwisho mkesha wa safari ndefu tu. Kuchaji taratibu usiku wa baridi ni sehemu ya kuitunza betri, na betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Umeme ukikatika katikati, kisanduku hungoja dakika chache baada ya kurudi, kisha huendelea bila kuguswa. Hili limetokea mara nyingi, na mara zote kimefanya hivyo, ila moja. Mara hiyo kosa halikuwa lake: tokeni za Tukuza, mita yetu ya kulipia kabla, zilikwisha saa nane usiku, na tukaamka na asilimia 41, wala maji hayakuwepo tangini. Mwenye gari la umeme anapaswa kuzoea kununua yuniti mapema na kuzitazama kabla ya kulala, kama wazee walivyokuwa wakitazama mafuta ya taa katika chemni.

Kuhusu uimara, kisanduku kimeandikwa IP65, maana yake vumbi halipenyi na maji ya kurushwa kwa nguvu hayaingii. Masika yalikipiga kutoka ubavuni, na ndani kilibaki kikavu. Skrubu nne za kushikilia mfuniko, hata hivyo, zilianza kutoa machozi ya kutu mwezi wa nne, na hilo si jambo la kusamehewa katika kifaa kinachouzwa kisiwani. Nimezibadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu. Kebo imekuwa ngumu kidogo lakini haijapasuka. Ninaufuta ulimi wa kichwa chake kwa kitambaa kikavu kila Ijumaa. Programu ya simu inayokuja nacho sikuipenda, kwani haifanyi kazi pasipo intaneti na inachoonesha tayari kipo kwenye kioo.

Kichwa cha kebo kinahitaji neno lake. Magari kutoka Japani, kwa kuchaji kwa mkondo geu, yana tundu la Aina ya 1, lenye pini tano. Ya Ulaya yana Aina ya 2, yenye pini saba. Na yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana tundu la kwao, linalofanana na la Ulaya kwa mbali lakini halikubaliani nalo. Nimeona visanduku vimeletwa vikiwa na Aina ya 2 kwa sababu ndivyo vilivyojaa Dubai, kisha mnunuzi akauziwa kiunganishi cha ziada. Kila kiunganishi ni mahali pengine pa kupata joto. Nendeni dukani na gari lenyewe, kichwa kijaribiwe hapo hapo.

Kwa madereva wa teksi na wanaobeba wageni kati ya uwanja wa ndege na hoteli za Paje au Nungwi, hukumu yangu ni tofauti. Dereva anayezunguka kilomita 200 na zaidi kwa siku na kupumzika nyumbani kwa muda wa saa nne mchana atafaidika kweli na ampea 32, mradi chaja ya ndani ya gari lake ni ya kilowati 6 au zaidi. Chaja ya mkondo mnyoofu ningependa kuiona, lakini mahali pake ni hotelini au kwenye kituo cha mafuta chenye umeme wa njia tatu, ambako magari mengi yatagawana gharama yake. Ndugu zetu wa Pemba wana sababu zaidi ya kwenda taratibu: kisiwa chao ni kifupi kuliko hiki, kutoka Chake Chake hadi Wete ni mwendo wa nusu saa na ushei, na umeme wao unategemea kebo ya kutoka Tanga iliyoanza kazi mwaka 2010, ambayo ni ndogo kuliko za kwetu.

Kama ningenunua tena leo, ningechukua cha ampea 16 chenye kinga zile zile, na tofauti ya bei ningempa fundi aongeze fimbo ya nne ya athi na kupitisha waya wa milimita 10, ili siku gari jingine likija lisituvunjie ukuta upya. Cha ampea 32 si kibaya. Kimenifanyia kazi bila kunitia hofu usiku, watoto hugusa gari likiwa linachaji katikati ya mvua na nimetulia, na soketi ile ya kahawia nimeing'oa. Shemeji wa Fuoni amekubali nimpelekee fundi yule yule Jumamosi ijayo apime athi yake, maana kisanduku chake kimekuwa kikiwasha taa nyekundu kila ardhi inapokauka.